Uzi: Mipira ya breki ya gari la kizamani hufia ndani. Yaliyonipata na Datsun 240Z

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, ila hili nimeona nisikae nalo. Naongea na yeyote anayetunza gari la zamani, iwe Datsun, Peugeot 504, MGB au chochote kilichozidi miaka ishirini. Habari yenyewe ni mipira ya breki, zile hozi fupi nyeusi zinazotoka kwenye bomba la chuma la bodi kwenda kwenye breki ya kila tairi.

Gari langu ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia. Waliokulia ukanda huu wanalijua. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo akiwa na Lofty Drews. Mwaka ule yeye na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine, walimaliza wakiwa sawa kwa pointi hadi ikabidi kanuni za mashindano ziamue. Silinda sita za mstari mmoja, lita 2.4, diski mbele na dramu nyuma. Langu nililikuta limelala kwenye banda kwa miaka mingi, injini nzima, bodi haijaoza. Nilihangaika na kabureta, nikahangaika na radieta, nikapiga rangi. Mipira ya breki niliitazama kwa macho tu. Ilikuwa myeusi, haijapasuka, haivuji. Nikaiacha.

Miezi minne iliyopita natoka Karatu narudi Arusha. Mnaujua ule mteremko wa kushukia Mto wa Mbu, Ziwa Manyara likiwa chini kulia kwako. Katikati ya mteremko nikahisi usukani unavutwa kulia. Nikatoa mguu kwenye breki, bado unavuta. Nikashuka kwa gia ya pili hadi chini, nikaegesha kando. Harufu ya pedi kuungua ilikuwa imejaa hadi ndani. Nikadondoshea rimu ya mbele kulia matone ya maji, yakachemka na kuruka. Ya kushoto niliishika kwa kiganja bila shida. Nilikaa pale kama nusu saa, na breki ilipopoa tairi likawa jepesi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Gereji ya kwanza wakasema kalipa, kile chuma chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski, imeganda. Ni jibu la haraka na mara nyingi ni kweli, kwa hiyo nikakubali. Tukafungua, tukasafisha pistoni, tukaweka sili mpya. Siku ya tatu, shida ile ile, tairi lile lile.

Mzee mmoja fundi, wa wale waliozitengeneza gari hizi zikiwa mpya, ndiye alinionyesha kipimo ambacho nataka mkitoke nacho hapa hata msiposoma mengine. Breki ikiwa imekamata, inua gari kwa jeki, weka stendi, jaribu kuzungusha tairi kwa mkono. Halikubali. Sasa nenda kwenye maungio ya juu, pale bomba la chuma la bodi linapokutana na mpira, ulegeze nati kidogo. Kama tairi linaachia hapo, presha imenaswa huko juu, kwa hiyo kaangalie masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, na fimbo ya busta (kinachouongezea mguu nguvu) inayoisukuma. Kama tairi bado limekamata, nenda kwenye kalipa ukafungue nipo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na tairi likaachia, presha ilikuwa imefungiwa kati ya sehemu hizo mbili. Kati yake hakuna kitu isipokuwa mpira na kipande kifupi cha bomba. Na kama hata nipo ikifunguliwa tairi haliachii, hapo ndipo uilaumu kalipa.

Langu halikuachia juu. Liliachia kwenye nipo, mafuta yakaruka hadi kwenye mkono wa shati langu.

Tuliukata ule mpira kwa urefu kwa wembe. Nje ulikuwa safi kabisa. Ndani, utando wa kwanza ulikuwa umebanduka na kujikunja kama ulimi mdogo, na tundu la katikati limevimba kiasi kwamba waya mwembamba ulipita kwa kusukumwa. Ule ulimi ndio uliokuwa mlango wa upande mmoja. Ukikanyaga, mguu wako na busta vinasukuma kwa nguvu kubwa sana na mafuta yanapenya. Ukiachia, hakuna kinachoyavuta yarudi isipokuwa sili ya pistoni inayojinyoosha kurudi mahali pake, na hiyo ni nguvu ndogo mno. Mafuta yanabaki, pedi inabaki imeegemea diski, joto linapanda, mafuta yanatanuka, breki inakaza zaidi. Ndiyo maana nilipopumzika nusu saa ikaachia yenyewe.

Nimebadilisha yote. Nitaeleza nilivyofanya kwenye posti inayofuata, maana kuna mahali nilikosea na pesa ikaenda.

Mdau, Dodoma

Asante mkuu. Nimesoma mara mbili. Endelea, tuko hapa.

Mleta uzi

Naendelea.

240Z ina mipira minne ya breki, kwa sababu nyuma kila tairi lina saspensheni yake. Gari za eksili ya kipande kimoja mara nyingi zina mpira mmoja tu nyuma. Usisahau na wa tano, ule wa klachi, maana klachi ya gari hili nayo ni ya mafuta na mpira wake una umri ule ule. Badilisha yote kwa pamoja. Yote ilizaliwa siku moja, imekula joto lile lile na mafuta yale yale. Ukibadilisha mmoja wa mbele ukauacha mwenzake, umetengeneza gari linalovuta upande.

Sasa kosa langu. Nilienda duka moja la spea nikiwa na mpira wa zamani mkononi, nikapewa mwingine wenye nyuzi za skrubu zinazofanana, milimita 10 kwa hatua ya milimita 1. Ukaingia vizuri. Tukakaza, ukatoa jasho. Tukakaza zaidi, jasho lile lile. Kumbe nyuzi ni zile zile ila kikalio cha ndani, pale mdomo wa bomba unapoketi, si kimoja. Bomba za Datsun mdomo wake umekunjwa mara mbili na kupanuliwa kama faneli. Gari nyingi za Ulaya zinatumia nyuzi hizo hizo lakini mdomo wa bomba umevimba kama kiputo, na kikalio chake kimechongwa kupokea kiputo. Vikichanganywa haviketi, hata ukaze hadi nati ikatike. Tuliharibu mdomo wa bomba zima la mbele kulia kwa kulazimisha, ikabidi litengenezwe upya. Kwa hiyo ukiwa dukani usiishie kwenye nyuzi. Chungulia ndani ya tundu kwa tochi, linganisha na wa zamani.

Wenye gari za Uingereza nao wawe macho. MGB na wenzake wa enzi hizo wanatumia nyuzi za inchi 3/8, 24 kwa inchi. Ni nyembamba kidogo kuliko milimita 10, hivyo ukiitia kwenye tundu la milimita 10 inaingia imelegea, inashika raundi chache, unadhani imekaa. Siku utakayokanyaga breki kwa hofu ndiyo siku itachomoka.

Kufungua. Siku moja kabla, piga waya wa brashi kwenye maungio yote kisha nyunyiza dawa ya kutu, ulale. Usitumie spana ya mdomo wazi kwenye nati ya bomba. Ni laini, zina miaka hamsini, zitamenyeka kona. Tumia ile spana ya ringi iliyokatwa nafasi ya kupitisha bomba, namba 10. Hozi yenyewe ishikilie kwa spana nyingine isizunguke. Na muda wote unapozungusha nati, macho yawe kwenye bomba la chuma: kama linajizungusha pamoja na nati, simama. Kutu imevishika pamoja, ukiendelea unalisokota kama kamba. Rudisha kidogo, dawa tena, subiri.

Nati ikilegea, chomoa lile bano la bati la umbo la U linaloshika mpira kwenye kishikizo cha bodi, kisha nenda upande wa chini. Kwenye 240Z mpira wa mbele hauingii moja kwa moja kwenye kalipa. Unaishia kwenye kishikizo cha shokapu, halafu kipande cha bomba la chuma ndicho kinaingia kwenye kalipa. Hicho kipande kiangalie vizuri, kinakaa karibu na matope.

Ujanja mmoja aliotufundisha yule mzee, na umeniokolea rangi. Kabla hujafungua chochote, sukuma pedali ya breki chini kama inchi moja, uiegemeze na kijiti kwenye kiti ibaki hapo. Pistoni ya masta silinda inakuwa imeziba tundu linaloshusha mafuta kutoka kwenye vikopo vya mafuta ya breki, kwa hiyo ukifungua bomba mafuta hayamwagiki yote. Ila pedali ikishakaa hapo, kabla ya kugusa bomba, fungua nipo moja ya mbele na moja ya nyuma uitoe presha, ufunge. Mafuta ya breki yakigusa rangi yanaimenya kama dawa ya kuondolea rangi. Weka ndoo ya maji karibu, likidondoka tone mwagia maji papo hapo. Kufuta kwa kitambaa kikavu ni kulisambaza.

Mdau, Mombasa

Ndugu yangu shukrani, waeleza ukaeleweka. Huku kwetu pwani mpira haufi kwa kupasuka, wafa kwa chumvi. Zile ncha za bati zilizobana mpira zala kutu, kutu yavimba, yaubana mpira kwa nje hadi tundu la ndani lafunga. Nililiona kwenye gari la marehemu baba. Swali langu: kuna mafundi hapa hutengeneza hozi za mitambo, za matingatinga na forklifti. Wakipewa ncha za zamani wanibania mpira mpya siku hiyo hiyo kwa bei ndogo. Yafaa?

Mleta uzi

Kaka wa Mombasa, pole kwa mzee. Nakuomba sana usifanye hivyo. Wale mafundi ni hodari na hozi yao inabeba presha kubwa kuliko breki yako, ila shida haipo kwenye presha. Mpira wa mitambo umetengenezwa kubeba oili ya madini, na mara nyingi ndani ni ule mpira unaoitwa NBR. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 si oili ya madini, ni ya jamii ya glikoli, na yanauvimbisha na kuulainisha mpira wa aina hiyo. Mipira na sili za breki ni mpira wa aina nyingine, EPDM, na hiyo nayo ni kinyume chake: glikoli haiidhuru, oili ya madini inaiharibu. Ndiyo maana vilevile huruhusiwi kusafisha sehemu za breki kwa petroli au dizeli, wala kuongezea oili ya injini au ya gia kwenye kikopo eti imepungua. Nimeona gari ambalo mtu aliongezea oili ya usukani, sili zote kuanzia masta hadi nyuma zilivimba kama maharage yaliyolowekwa. Safisha kwa spiriti au kwa dawa ya kusafishia breki, basi.

Mpira utakaofungiwa upya ncha leo haujulikani umepimwa na nani. Nunua uliotengenezwa kwa kazi ya breki na wenye maandishi ubavuni.

Mdau, Nairobi

Mkubwa, maandishi gani? Mimi niko na mipira genuine ya Datsun, bado iko kwa pakiti ya kiwanda, nimeipata kwa jamaa alikuwa na duka zamani. Haijawahi kufungwa kwa gari. Nilikuwa nimefurahi sana.

Mleta uzi

Boss wa Nairobi, zihifadhi hizo pakiti kama kumbukumbu, lakini kwenye gari usifunge. Mpira unazeeka hata ukiwa kwenye pakiti. Hewa na joto vinaufanyia kazi polepole, na ule uliokaa dukani tangu enzi hizo ni mzee kama wa kwangu.

Kuhusu maandishi: mipira inayouzwa kwa kanuni za Marekani, ile FMVSS 106, lazima iandikwe DOT, alama ya mtengenezaji, kipimo cha tundu na tarehe ya kutengenezwa. Itafute hiyo tarehe kabla hujatoa pesa. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inadai mistari miwili inayokimbia kwa urefu wa mpira, mmoja kila upande, na wengi wanadhani ni mapambo. Ukimaliza kufunga, fuata mstari kwa kidole kutoka juu hadi chini. Kama umejizungusha kama nyoka kwenye mti, umeufunga ukiwa umesokotwa. Legeza, uache ulale wenyewe, kaza tena.

Kisha fanya hivi, wengi wanaruka hatua hii. Gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yakining'inia, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, angalia mipira. Hadi mwisho kulia, angalia tena. Halafu inua gurudumu kwa jeki ya pili hadi springi zibonyee, rudia. Mpira usivutike ukanyooka, usiguse tairi, usiguse springi. Mmoja wangu wa mbele ulikuwa unalamba ukingo wa ndani wa rimu usukani ukiwa mwisho kushoto tu. Ungekatika baada ya miezi.

Mdau, Arusha

Mkuu mimi ni fundi, naunga mkono. Naongeza kuhusu ile mipira ya waya wa chuma iliyosukwa, vijana wanaipenda. Ni mizuri, ndani ni tefloni, haitanuki ukikanyaga, pedali inakuwa ngumu. Ila vumbi letu la njia za huku linaingia kati ya waya na tefloni, linasaga kama msasa, na nje huoni kitu. Anayeitaka achukue iliyovikwa plastiki nje. Na waya wenyewe usiuachie uguse bomba au bodi, unakata.

Mleta uzi

Shikamoo fundi, umesema kweli tupu. Mimi nimebaki na ya mpira wa kawaida kwa sababu hiyo hiyo.

Namalizia kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mabomba. Mafuta yawe mapya kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo. Glikoli inavuta maji kutoka hewani: DOT 4 ikiwa mpya inachemka si chini ya nyuzi joto 230, ikishavuta maji ya asilimia 3.7 kiwango kinachodaiwa ni nyuzi 155 tu. Kwenye mteremko kama ule wa Manyara hizo nyuzi 75 zinahesabika. Silikoni ya DOT 5 usiichanganye na hizi, ingawa DOT 5.1 ni ndugu yao.

Kwa usukani wa kulia anza tairi lililo mbali na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mtu mmoja ndani, mmoja chini. Kanyaga, shikilia, nafungua, nafunga, achia. Aliye ndani asiachie kabla hajaambiwa, maana hapo ndipo hewa inavutwa kurudi. 240Z ya zamani ina vikopo viwili, cha breki za mbele na cha breki za nyuma, usikisahau kimoja kikakauka, utaanza upya.

Pedali ikibaki chini hata baada ya chupa nzima, usikimbilie kulaumu masta. Kwanza rekebisha viatu vya dramu za nyuma, vikiwa mbali na dramu pedali inashuka sana na dalili ni kama upepo. Pili, angalia nipo za kalipa ziko juu. Kalipa ya kushoto na ya kulia zinaweza kubadilishana mahali zilipofungwa, nipo ikawa chini, na hewa inakaa juu. Hapo utapampu mpaka kesho.

Mdau, Morogoro

Wakuu samahani kuchelewa. Nina Datsun 1600, wiki tatu sasa mbele kushoto inachemka. Nimeshabadilisha kalipa nzima. Jana usiku nimesoma uzi huu, leo asubuhi nimeendesha hadi ikakamata, nikainua. Nimelegeza nati ya juu: yametoka matone mawili matatu, tairi halikutikisika. Nikafungua nipo: mafuta yameruka, tairi likazunguka kwa kidole. Nimeukata mpira. Mkuu, tundu la ndani nimejaribu kupitisha kijiti cha kiberiti, kimegoma. Nje unang'aa kama mpya. Mpira wa kushoto mpya nimepata, unafanana kila kitu, kikalio nimechungulia kwa tochi. Wa kulia duka halina, wameniambia wiki ijayo. Nifunge huu mmoja niwe naendea kazini kwanza?

Mleta uzi

Nimefurahi sana kwamba umeupata, na pole kwa pesa ya kalipa. Hapana ndugu yangu, usiende nalo kazini. Wa kulia umetoka siku moja na huu uliokata. Funga huu mpya, ziba ncha za bomba vumbi lisiingie, liache gari juu ya stendi, panda daladala hadi wiki ijayo. Ukiupata wa kulia tuandikie hapa tarehe iliyoandikwa ubavuni kabla hujaufunga.